Waraka Uliosomwa Mpaka Mwisho

Iko nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, si kwa woga, bali kwa sababu kamati ya kulitafuta jina linalofaa zaidi bado inakaa, na wajumbe wake hawapendi kuharakishwa. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, na ina mawe ya msingi mengi kuliko jirani zake wote. Desturi ya huko ni kwamba kiongozi akitembelea mahali, haondoki mpaka ameweka jiwe la msingi la kitu fulani. Jiwe likishawekwa, watu hupiga makofi, pilau huliwa, msafara hutimua vumbi, na kitu chenyewe huachiwa Mungu.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwalimu wa darasa la tatu aliyeitwa Sikitu, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye sauti ndogo na mwandiko mkubwa. Mambo yake yalikuwa yamenyooka mpaka siku alipofanya kosa ambalo hakuna mtumishi wa serikali aliyewahi kulifanya kabla yake. Alisoma waraka mpaka mwisho.

Waraka wenyewe ulikuwa Namba Saba, wa Wizara ya Elimu, kurasa ishirini na mbili, kuhusu kufundisha kusoma na kuandika kwa kupitia somo la Maarifa ya Jamii. Wataalamu walikuwa wamekaa semina siku tisa katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, wakagundua kwamba watoto wana masomo mengi na siku ni fupi. Kwa hiyo wakaona busara kusoma na kuandika kusiwe somo la peke yake tena, bali kuingizwe humo humo katika somo linalohusu kijiji, soko, zahanati na viongozi wetu. Waziri, Mheshimiwa Tamba, aliutia sahihi waraka bila kuusoma, maana alikuwa na imani na wataalamu. Maofisa wa mikoa wakaugonga muhuri wa "Nimesoma na Kuelewa", maana walikuwa na imani na Waziri. Ukashuka hivyo kwa imani tupu, ngazi kwa ngazi, mpaka Shule ya Msingi Majengo, ambako Mwalimu Mkuu Ngwale naye aliugonga muhuri, kisha akaufunikia mtungi wa maji ya walimu ili vumbi lisiingie.

Siku moja ilinyesha mvua, watoto wakabaki makwao, na Mwalimu Sikitu akabaki ofisini bila la kufanya. Akautoa waraka mtungini, akaufuta kwa khanga, akaanza kusoma. Kufika ukurasa wa kumi na tisa akakuta ibara ya kumi na nne, nayo ilisema hivi: "Mwalimu atawatoa wanafunzi darasani. Wanafunzi watasoma maandishi yaliyomo katika jamii yao, watatazama kama yaliyoandikwa ndivyo yalivyo, kisha wataandika walichokiona."

Baadaye ilikuja kujulikana kwamba ibara hiyo iliongezwa na mama mpiga chapa, mwalimu mstaafu, wakati wataalamu wako bwawani. Lakini Sikitu hakuyajua hayo. Yeye aliisoma mara mbili, akaona kwamba hatimaye serikali imesema jambo la maana, akafurahi sana.

*

Ni lazima nieleze kwa nini alifurahi, maana watu wa nchi ile hawakuona kama kuna tatizo lolote.

Watoto wa darasa la tatu la Majengo walikuwa arobaini na mmoja, na wote, kwa mujibu wa takwimu, walijua kusoma. Kitabu chao kiliitwa *Nchi Yetu Inang'aa*. Walikisoma kikiwa wazi, walikisoma kikiwa kimefungwa, na wengine walikisoma hata siku walizokisahau nyumbani. Ukurasa waliouweza zaidi ulikuwa wa kumi na mbili. Mwalimu akigonga meza, walisimama wakaimba kwa pamoja, wakiyumba kushoto na kulia: "Hii ni zahanati yetu. Zahanati ina daktari. Daktari anasema sisi tuna afya." Mgeni aliyefunua ukurasa wa thelathini ili kuwapima alisomewa ule ule wa kumi na mbili, kwa furaha ile ile, naye kwa kawaida hakugundua, kwa kuwa hakuwa amevaa miwani.

Sikitu alikuwa mwimbaji hodari wa ukurasa huo kabla watoto hawa hawajazaliwa. Alipokuwa darasa la nne, bibi yake alirudi kutoka hospitali ya wilaya na karatasi mkononi, jicho moja limefungwa kitambaa. Akamwita.

"Njoo unisomee, mjukuu wangu. Wewe ndiye msomi wetu."

Sikitu aliishika karatasi, akaiangalia, akaona mistari tu. Aibu ikamkaba. Basi akaimba kile alichokijua: daktari anasema sisi tuna afya. Bibi akamshukuru Mungu, akaikunja karatasi, akaiweka sandukuni chini ya khanga zake. Miaka mitatu baadaye Sikitu alijua kusoma kweli, akaifungua ile karatasi. Ilisema mgonjwa arudi baada ya wiki mbili bila kukosa, maana jicho la pili liko hatarini. Wakati huo bibi alikuwa tayari anatembea kwa kushika ukuta. Hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lililomuuma Sikitu mpaka leo. Ndiyo maana kila darasa lilipoyumba kushoto na kulia, yeye aligeuza uso.

*

Kijiji cha Majengo hakikuwa na gazeti, wala kibao cha duka, wala tangazo la sabuni. Kilichokuwa na maandishi ni mawe ya msingi tu, nayo yalikuwa saba. Kulikuwa na jiwe la msingi la zahanati, la kisima, la soko, la daraja, la ghala na la maktaba. La saba liliwekwa kuadhimisha kuwekwa kwa yale sita. Wanakijiji waliyatumia vizuri. Wanawake walianika mihogo juu ya soko, wazee walicheza bao juu ya maktaba, na mbuzi walilala kwenye zahanati kwa kuwa saruji yake ilikuwa ya baridi.

Mwalimu Sikitu akawatoa watoto wake wakaenda jiwe kwa jiwe. Mwalimu Mkuu Ngwale aliwaona wanapita dirishani kwake, akatoka na kikombe cha chai.

"Mwalimu, wanakwenda wapi hao?"

"Kusoma, Mwalimu Mkuu."

"Kusoma na vitabu wameviacha ndani?"

"Waraka Namba Saba, ibara ya kumi na nne."

Mwalimu Mkuu alikoroga chai yake. Kusema kwamba hakuijua ibara hiyo kungekuwa sawa na kukana muhuri wake mwenyewe. "Ibara ya kumi na nne," alisema hatimaye, "naipenda sana ile." Akarudi ndani.

Herufi za mawe zilikuwa zimechimbwa ndani ya saruji, na hilo likawa jambo jema. Watoto walizifuata kwa vidole kabla ya kuzifuata kwa macho. Kwa kuwa kila jiwe lilianza na kiongozi, darasa zima lilijua kusoma "Mheshimiwa" wiki mbili kabla ya kujua kusoma "mama". Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Wakishasoma, Sikitu aliwaambia watazame, na wakishatazama, waandike. Soma, tazama, andika. Wakazoea kiasi kwamba hawakuhitaji kuambiwa tena. Wakimaliza kusoma, husimama wenyewe, hushika madaftari, hupanga mstari, huenda kutazama.

Mwisho wa mwezi wa pili, Semeni binti Mahundi, msichana wa miaka tisa aliyekuwa na kawaida ya kung'ata penseli, aliandika hivi: "Zahanati yetu ni jiwe. Ina herufi nyingi. Mbuzi ni watatu. Daktari hayupo. Mama alimzaa mdogo wangu njiani." Sikitu alilisahihisha daftari hilo amesimama. Hakukuwa na kosa la herufi hata moja. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, kisha akasoma tena sentensi ya mwisho, akaona haya kwa kufurahi. Akaandika "Vema", akapiga mstari chini.

Kijijini nako hakukukalika. Watoto walisoma kila kilichowapita mbele. Walisoma mfuko wa mbolea ya ruzuku wakawaambia baba zao kwamba muda wake wa kutumika ulipita miaka sita iliyopita. Walisoma fulana za bure za uchaguzi, mbele na mgongoni, na kumfuata aliyezivaa wakimuuliza kama maji yaliyoahidiwa mgongoni mwake yameshafika. Wazazi wawili walikwenda kwa Mwalimu Mkuu kulalamika kwamba tangu watoto wajue kusoma, nyumbani hakuna raha.

*

Habari zilimfikia Bwana Chaurembo, Afisa Elimu wa Kata. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mwenye pikipiki ya serikali na woga wake mwenyewe. Hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto watano wa kusomesha na wakubwa tisa wa kuridhisha, na kazi hiyo ya pili ilimchosha zaidi. Alifika darasani asubuhi, akakaa nyuma, akaagiza ukurasa wa kumi na mbili.

Watoto wakafunua. Hawakuimba. Walisoma, kila mmoja kwa mwendo wake, vidole vikitambaa. Kisha Semeni akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa wameandika zahanati ina daktari. Tulitazama. Hayupo."

Bwana Chaurembo akawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Akamwita Sikitu nje, akafunga mlango nyuma yake kwa upole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Mwalimu, umefanya nini kwa watoto hawa?"

"Nimewafundisha kusoma, Afisa."

"Hilo naliona. Ndiyo nauliza, umefanya nini." Akapangusa uso. "Sikiliza, dada yangu. Baada ya wiki tatu Mheshimiwa Waziri anakuja hapa hapa Majengo kutangaza kwamba wilaya yetu imeushinda ujinga. Darasa lako ndilo litakalomsomea. Nataka ukurasa wa kumi na mbili, kwa sauti moja, wakiyumba. Sitaki kidole. Kidole kinaonyesha mtu anatafuta kitu."

"Na wakiulizwa swali?"

"Nani atauliza? Siku ya sherehe hakuna anayeuliza." Akashusha sauti. "Ukinitia aibu, barua yako ya uhamisho imeshaandikwa. Imebaki tarehe. Unakwenda Shule ya Ng'ambo ya Saba."

Sikitu aliijua. Ng'ambo ya Saba ilikuwa mwendo wa siku mbili, na shule yenyewe bado ilikuwa jiwe. Walimu wanne walikuwa wameshapangwa pale. Kila asubuhi walilizunguka jiwe, wakasaini daftari la mahudhurio juu yake, na saa nane wakafunga shule. Kazi ilikuwa nyepesi sana, na kila aliyepelekwa huko alizeeka upesi.

Hakuiogopa safari. Alichokiogopa ni kwamba kati ya watoto wake arobaini na mmoja, kumi na wanane ndio kwanza walikuwa wameanza kuunganisha silabi. Akiondoka sasa, atakuja mwalimu mwingine atakayegonga meza, na baada ya mwezi wataanza kuyumba. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Basi akawaambia watoto, na huo ndio ujanja pekee aliouweza: "Siku ya mgeni, mkiambiwa imbeni, imbeni. Mkiambiwa someni, someni."

*

Siku ikafika. Kijiji kilifagiliwa mpaka kwenye vichaka. Mbuzi walifungwa mbali ili wasionekane wamelala juu ya zahanati. Mbele ya shule palichimbwa shimo la jiwe la nane, Jiwe la Ushindi Dhidi ya Ujinga, na likafunikwa pazia la kitambaa cha satini.

Mheshimiwa Tamba alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kupenda watu kwa dhati pindi wanapokuwa wengi. Alishuka garini, akacheza ngoma hatua nne, akabusu mtoto mchanga, akaketi meza kuu. Bwana Chaurembo alitoa ishara. Watoto arobaini na mmoja wakasimama wakaimba ukurasa wa kumi na mbili, wakiyumba, bila kidole. Sikitu aligeuza uso, lakini alitulia. Chaurembo akapumua kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Hapo Waziri akanogewa, kitumbua kikaingia mchanga.

"Ndugu wananchi," alisema akisimama, "wako wapinzani wa maendeleo wanaosema kwamba watoto wetu hawasomi, wanakariri. Leo nataka kuwaumbua mchana kweupe. Sitampa mtoto kitabu alichokizoea. Nitampa hotuba yangu mwenyewe, ambayo hata mimi sijaisoma. Wewe binti, njoo hapa. Soma."

Waziri akaketi, Semeni akaja mbele. Akapewa karatasi, akaweka kidole, akaanza kwa sauti kavu, na kwa kuwa mwalimu wake alimfundisha asiruke kitu, hakuruka kitu.

"Ndugu wananchi wa nukta nukta nukta. Nafurahi kufika hapa nukta nukta nukta, mahali palipo moyoni mwangu tangu utotoni. Mabano. Ngoja wapige makofi. Funga mabano."

Wananchi, ambao ni watu wasikivu, wakapiga makofi.

"Nimekuja kwenu kama mtoto wenu. Mabano. Vua miwani, futa macho. Funga mabano."

Waziri, kwa mazoea, akavua miwani.

"Serikali iliahidi zahanati. Leo nawatangazia kwamba zahanati yenu imekamilika na mnatibiwa. Mabano. Kama kijiji hakina zahanati, sema kisima. Kama hakina kisima, sema amani. Funga mabano. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

 Mtu mmoja alipiga makofi, akajiona yuko peke yake, akaacha. Hapo darasa la tatu, ambalo lilikuwa limeshasoma, likasimama. Wakashika madaftari yao. Wakapanga mstari, wafupi mbele.

Sikitu alijua wanakwenda wapi. Neno moja tu lingetosha, "Kaeni", nao wangekaa, maana walikuwa watoto wenye adabu. Bwana Chaurembo alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba. Barua ilikuwa imebaki tarehe. Neno lilimjia mpaka kwenye ulimi. Kisha akamkumbuka bibi yake na ile karatasi iliyokunjwa vizuri chini ya khanga, akafunga mdomo. Watoto wakaondoka.

Itifaki ya nchi ile inasema hakuna msafara utakaomtangulia Waziri. Mkuu wa itifaki alipoona msafara umeanza na Waziri bado amekaa, alishikwa na kihoro, akamwinua Mheshimiwa kwa kwapa, akamkimbiza mpaka mbele ya mtoto wa kwanza. Hivyo ikaonekana kwamba Waziri ndiye anayewaongoza. Tarumbeta zikafuata, meza kuu ikafuata, kijiji kizima kikafuata, mpaka kwenye jiwe la zahanati. Watoto wakakaa chini wakilizunguka, wakafungua madaftari, wakaanza kuandika.

Waziri, akihema, aliweka mguu juu ya jiwe apumzike. Akainama, akasoma: jiwe hili la msingi la zahanati limewekwa na Mheshimiwa Tamba, Waziri wa Afya.

"Kumbe nilishafika hapa," alisema, akafurahi kwelikweli. Kisha akatazama huku na huku. "Sasa zahanati yenyewe iko wapi?"

Mama yake Semeni alikuwa karibu, mtoto yule wa njiani yuko mgongoni, sasa ana miaka miwili.

"Ndiyo hiyo uliyoikanyaga, baba," alisema kwa heshima zote.

Mheshimiwa Tamba aliutoa mguu taratibu. Hakuwa Waziri kwa miaka kumi na tisa bila sababu. Akakohoa, akanyoosha koti, akawaambia wananchi kwamba amefarijika mno kuona jiwe bado lipo, kwa kuwa ziko nchi ambazo hata mawe yameibwa. Kwamba jiwe ni nusu ya jengo, na nusu nyingine ni subira. Na kwamba kama wana Majengo wameweza kulitunza jiwe miaka yote hii, basi wameonyesha kuwa tayari kukabidhiwa jingine. Akarudi, akafunua pazia la satini, akala, akaondoka. Alipokuwa garini alimuuliza katibu wake yule mwalimu ni nani, na aliuliza akitabasamu.

*

Siku ya Jumatatu barua ilikuwa na tarehe. Bwana Chaurembo hakuwa na moyo wa kumkabidhi Sikitu mkononi, akaibandika mlangoni mwa darasa na kuondoka na pikipiki kabla watu hawajafika. Ilisema kwamba Mwalimu Sikitu anapongezwa kwa kazi nzuri, na kwamba kwa manufaa ya umma anahamishiwa Shule ya Ng'ambo ya Saba kuanzia Ijumaa.

Sikitu aliisoma. Alirudi nyumbani akaanza kufunga sufuria zake kwenye khanga, na alipofika kwenye birika akakaa juu ya kitanda akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Wale kumi na wanane hawakumtoka kichwani, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Kilichobandikwa mlangoni darasa la tatu nalo lilikisoma. Wakasoma mpaka mwisho, pamoja na kumbukumbu namba na nakala kwa nani. Kisha wakasimama, wakashika madaftari, wakaenda kutazama. Siku tatu walionekana wakipita nyumba kwa nyumba, wawili wawili, wakipiga hodi na kuwaamkia wakubwa. Sikitu hakuwauliza. Alidhani wanaaga kwa niaba yake.

Ijumaa Bwana Chaurembo alikuja kuhakikisha mwalimu ameondoka, kama taratibu zinavyotaka. Alimkuta Sikitu amesimama mlangoni na mizigo yake miwili. Mwalimu Mkuu Ngwale alikuwa pembeni na kikombe, ameinamisha kichwa. Semeni akatoka darasani, akamsalimu Afisa shikamoo, akampa daftari kwa mikono miwili.

"Ni la nani hili?" aliuliza Chaurembo.

"La umma, Afisa. Tumejibu barua."

Hakuwa na pa kukimbilia, watoto arobaini wengine walikuwa wakimtazama kupitia dirishani. Akafungua, akasoma. Alisoma polepole, na alipofika mstari wa pili kidole chake kilishuka chenyewe kwenye karatasi.

Daftari lilisema hivi: "Tumesoma. Mwalimu anahamishwa kwa manufaa ya umma. Tumetazama. Umma wa Majengo ni kaya mia moja na kumi na mbili. Tumepita zote tukauliza manufaa yako wapi. Kaya mia moja na kumi na moja zimesema hazijayaona. Kaya moja mlango umefungwa, wamekwenda shamba. Tutarudi jioni." Chini yake, kwa penseli ya rangi nyingine: "Tumerudi jioni. Na wao hawajayaona." Kurasa zilizofuata zilijaa majina na alama za vidole gumba vilivyochovywa kwenye masizi, nyumba baada ya nyumba. Na pale ambapo mzazi hakujua kuandika jina lake, mtoto alikuwa ameliandika kwa ajili yake, kwa herufi kubwa kama za mwalimu wao.

Bwana Chaurembo alifika mwisho. Alikohoa, akatazama pembeni kwenye miti. Kisha akaibandua ile barua mlangoni taratibu isichanike, akaiweka juu ya tangi la pikipiki, akaomba penseli. Semeni akampa yake, iliyong'atwa.

"Mwalimu," alisema bila kumtazama, "barua hii imetaja manufaa ya umma, na umma umejibu kwa maandishi kwamba haujayaona. Mimi siwezi kufunga jalada lenye maneno mawili yanayopingana. Nitaulizwa." Akaandika pembeni mwa barua: *Irudishwe wizarani kwa marekebisho.* Akaitia mfukoni pamoja na daftari. "Mpaka ikirudi, unabaki kituo chako cha kazi."

"Itarudi lini, Afisa?" Sikitu aliuliza.

Chaurembo aliwasha pikipiki. Kwa mara ya kwanza Sikitu alimwona anacheka.

Wizarani, kwenye ghorofa ya tatu, kipo chumba cha barua zilizorudishwa kwa marekebisho. Mlango wake haufunguki siku hizi, kwa sababu barua zimejaa mpaka zimeuegemea kwa ndani, na mpya hupenyezwa kwa chini. Ya Mwalimu Sikitu iliingia humo wiki iliyofuata. Imelala karibu na ile ya ujenzi wa zahanati ya Majengo.